Daktari, niulize kabla ya kunipiga picha

SIKU hizi ni nadra kumpata mhudumu wa afya asiye na simu yenye kamera. Mgonjwa afikapo wadini akiwa na kidonda kisicho cha kawaida, au majeruhi wa ajali ya bodaboda aletwapo kutoka barabara ya Karatina, simu hutolewa mfukoni na picha ikapigwa. Aghalabu hakuna anayeuliza picha hiyo itaishia wapi.

Wapo wanaosema kamera zipigwe marufuku hospitalini. Mimi sikubaliani nao. Picha ya mgonjwa, ikipigwa inavyostahili na kwa idhini yake, ni chombo cha tiba sawa na kipimajoto.

Historia ya Afrika Mashariki inathibitisha hayo. Mwaka wa 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Majuma machache baadaye alimwona mwingine wa aina hiyo mjini Jinja. Burkitt aliwapiga picha watoto wenye uvimbe huo, akaandika kuuhusu mwaka wa 1958, kisha akatuma vikaratasi vyenye picha kwa hospitali nyingi barani akiuliza kama madaktari wa huko wamewahi kuuona. Hata daktari wa hospitali ya mbali, asiyejua jina la ugonjwa huo, aliweza kuutambua kwa macho.

Majibu yalipowekwa kwenye ramani, ilibainika kwamba saratani hiyo ilipatikana zaidi penye joto na mvua, na ilikuwa adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi kama hizi zetu za Mlima Kenya. Hatimaye ilihusishwa na malaria pamoja na virusi vya Epstein-Barr. Uchunguzi huo wote ulisaidiwa na picha.

Hapa Nyeri faida ni nyingi pia. Mwenye kisukari aliye na kidonda mguuni akipigwa picha kila wiki, kutoka umbali ule ule, kwa mwanga ule ule, rula ikiwekwa kando ya kidonda, daktari ataona kama kinapungua au kinapanuka. Picha ya ndani ya jicho huonyesha mishipa iliyoharibiwa na kisukari kabla mgonjwa hajaanza kupoteza uwezo wa kuona.

Isitoshe, vitabu vingi vya udaktari vimejaa picha za ngozi nyeupe, ilhali upele na uvimbe huonekana tofauti kwenye ngozi nyeusi. Mwaka wa 2020, Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari jijini London aliyezaliwa Zimbabwe, alitoa pamoja na wahadhiri wake kijitabu cha kuziba pengo hilo. Madaktari wetu wanahitaji picha za watu wetu.

Hata hivyo, picha inayosambazwa kwenye kundi la WhatsApp haimtibu mtu. Kumfunika mgonjwa macho kwa mstari mweusi hakutoshi. Nyeri ni mji wa watu wanaojuana. Kovu, leso aliyojifunga au sauti yake kwenye video yatosha kumtambulisha kutoka Ruring'u hadi Othaya. Mama mwenye uvimbe kwenye titi akisikia kwamba picha ya mwenzake ilivuja, atabaki nyumbani hadi saratani isambae. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi sisi tusimpe sababu ya kuyaficha.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Mwaka wa 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ikiwa picha za wanafunzi zina uzito huo, je, za mgonjwa aliyevuliwa nguo?

Kila hospitali ya eneo hili, ya serikali au ya misheni, iwe na kamera yake, fomu ya idhini iliyoandikwa kwa Kiswahili na Gikuyu, na mahali salama pa kuhifadhi picha pamoja na faili ya mgonjwa. Simu ya binafsi isitumike. Mgonjwa akikataa, atibiwe vivyo hivyo bila kununiwa.

Nawe msomaji, ukielekezewa kamera kitandani, uliza mambo matatu: picha ni ya nini, nani ataiona, na itahifadhiwa wapi. Ukijibiwa vyema, kubali, kwani huenda ikakusaidia wewe au mgonjwa mwingine. Usipojibiwa, una haki ya kukataa.