Unataka mtoto wa mbwa? Anza na kadi ya chanjo, mnyororo baadaye



Ukipita pembezoni mwa Dar, Kivule, Chanika, Goba na kwingineko, utakuta kila nyumba ikifika kwenye renta mwenye nayo anaanza kutafuta mbwa. Wezi wa nondo na mabati hawana huruma, hilo naelewa. Maombi ni yale yale: "Kaka, nitafutie mtoto wa mbwa, awe mkali." Mtoto analetwa ndani ya boksi la sabuni lililofungwa kamba, na siku hiyo hiyo kijana anatumwa dukani kununua mnyororo. Basi, mwenye nyumba anaona maandalizi yamekwisha!

Mimi napinga utaratibu huu, na msimamo wangu nausema wazi: kama hujaandaa chochote kabla mbwa hajafika, usimlete. Wapo watakaosema nimeanza kuiga Wazungu wanaolala na mbwa kitandani. Hapana. Ninachokizungumzia hapa ni usalama wa mtoto wako na wa jirani yako.

Tuanze na kubwa kuliko yote, kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi mno wakiwa Afrika na Asia, na hadi asilimia 99 ya wanaoupata wameambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu wote hufa. Sehemu kubwa ya waathirika ni watoto, kwa sababu wao ndio wanaocheza na mbwa, na ndio wanaoogopa kusema nyumbani kwamba wameng'atwa.

Sasa mtoto wa mbwa anahusikaje? Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo fulani, ugonjwa unakosa pa kupita. Tatizo ni kwamba mbwa wetu hawadumu. Wanakufa, wanazaliwa wengine, na kila mtoto asiyechanjwa ni tundu jipya kwenye chandarua. Angalieni Pemba. Mbwa walichanjwa kwa miaka kadhaa, na mwaka 2014 kichaa kikatoweka kisiwani. Mwaka 2016 kikaingia tena. Ikabidi kampeni zirudiwe mpaka kikadhibitiwa kwa mara nyingine mwaka 2018. Kazi ya miaka inaweza kuharibika kwa sababu ya uzembe kidogo tu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuandaa ni kumfahamu daktari wa mifugo aliye karibu nawe, na kutenga fedha ya chanjo kabla hujatenga fedha ya kununulia mbwa. Usimchukue mtoto aliye chini ya wiki nane. Huyo bado ni wa mama yake. Muulize anayekuuzia au kukupa: mama yake amechanjwa? Mtoto amepewa dawa ya minyoo? Dawa hiyo huanza mapema sana, wiki ya pili tangu azaliwe, na kurudiwa kila baada ya wiki mbili. Tena usiidharau, maana minyoo ya mbwa inaweza kumwingia mwanao anayecheza kwenye mchanga huo huo. Chanjo ya kichaa kliniki nyingi huitoa mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa baada ya mwaka. Lakini kampeni ya chanjo ikipita mtaani kwako, mpeleke hata akiwa mdogo zaidi; WHO yenyewe inashauri watoto wa mbwa wasiachwe.

Ipo na chanjo ya parvo, ambayo wengi hatuijali. Hii huanza akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa mpaka afikishe wiki kama kumi na sita. Mtoto wa mbwa anaamka mzima asubuhi, jioni anatapika na kuhara damu, baada ya siku chache amekufa. Mtaani tunasema jirani kamtilia sumu! Watu wananuniana miaka kwa ajili ya kirusi. Na kirusi hiki kinakaa uani kwa miezi mingi. Kama mbwa wako wa awali alikufa hivyo, osha banda na vyombo kwa jiki, na mbwa mpya aje akiwa amekamilisha chanjo zake.

Tukitoka kwenye chanjo, tuingie nyumbani. Banda lisiwe la kifahari. Mbao chakavu na bati moja vinatosha, mradi liwe kivulini, liinuliwe kidogo kutoka chini ili maji ya masika yasiingie, na mlango wake usielekee upepo. Weka gunia safi ndani. Bakuli mbili nzito, moja ya chakula na moja ya maji yasiyokauka mchana kutwa, na visiwe vyombo vya jikoni. Halafu zunguka uzio wako ukiwa umechuchumaa, uone anachokiona yeye: matundu chini ya geti, vipande vya chupa, misumari ya fundi, makopo ya rangi, nyaya za umeme. Sumu ya panya iondoe kabisa. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake kienyeji eti unaua kupe. Dozi ikizidi, inamuua yeye kabla ya kupe.

Chakula hakihitaji maduka makubwa. Ugali wa dona na dagaa, au utumbo uliochemshwa vizuri, mara tatu au nne kwa siku akiwa mdogo, kidogo kidogo. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika vipande vikali na kutoboa utumbo. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake, kwa hiyo yale mabaki ya mchuzi na pilau tunayomwagia mbwa yana walakini.

Sasa huo mnyororo. Imani ya mtaani ni kwamba mbwa akifungwa tangu utotoni anakuwa mkali. Anakuwa mwoga, na mbwa mwoga anang'ata hovyo, akiwemo mama ntilie anayeleta chakula cha mafundi. Kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na nne ndipo mbwa anapojifunza nani ni mtu wa kawaida na sauti gani si ya hatari. Ukizitumia wiki hizo kumfunga nyuma ya choo, umelea balaa. Wazee walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na samaki mkunje angali mbichi. Badala ya mnyororo, nunua mkanda wa shingo unaolegezwa kadiri anavyokua, na kamba nyepesi ya kumfundishia kutembea. Fedha inayobaki izibie matundu ya uzio.

Jambo la mwisho, majirani. Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba na wapangaji wenzako kwanza. Wengi wetu hapa Pwani tunaishi ukuta kwa ukuta na Waislamu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi. Jirani anayetoka kutia udhu halafu mbwa wako akamrukia ana haki ya kukasirika. Sehemu ya mbwa iwe mbali na bomba na kamba za kuanikia nguo za watu. Kama uwanja ni wa wote na hakuna uzio, jibu langu ni fupi: subiri mpaka uhamie kwako.

Watoto nao waandae. Waambie wasimsumbue akila wala akilala. Waambie, na warudie, kwamba wakiparuzwa au kung'atwa na mbwa yeyote, hata huyo mdogo wa nyumbani, waseme hapo hapo. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Habari za kupaka pilipili au kumsubiri mganga ziishe.

Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama amtunze na asimtese. Ni wangapi tunaijua? Lakini hata bila sheria, hesabu ni rahisi. Ukipiga gharama za chanjo, dawa ya minyoo, chakula na banda ukaona mfuko hauruhusu, ajiri mlinzi kwa kushirikiana na majirani wawili watatu, au weka taa nje. Mbwa asiyetunzwa hakulindii nyumba. Anatoka nje, anakuwa mbwa koko, na siku akiugua, atakayeng'atwa ni mtoto anayetoka shule, ambaye mzazi wake hakuombwa ushauri ulipokuwa unatafuta mbwa mkali.

Nawasilisha.