Iuze saa pamoja na kasoro zake

Jumapili ya leo nataka tuzungumze juu ya saa kuukuu. Huenda unayo moja kabatini, uliyoachiwa na mzazi au uliyoacha kuivaa uliponunua simu, na sasa karo imekukaba koo ukaonelea heri uiuze. Hakuna aibu katika kuuza. Aibu imo katika maneno tunayoyasema tunapouza.

Nami nina la kutubu. Mnamo mwaka 1994 nilimuuzia jirani yangu saa ya kujaza kwa shilingi 400. Alikuwa kijana aliyepata kibarua kiwandani hapa Nairobi, na simu za mkononi zilikuwa bado hazijatufikia. Akaniuliza, "Inakwenda vizuri?" Nikamjibu, "Haina neno." Neno ilikuwa nalo, tena nililijua: ikilazwa mezani usiku, kufikia asubuhi ilikuwa imechelewa dakika 12 hivi.

Juma la pili halikuisha kabla kijana hajafika kwangu. Alikuwa amefungiwa lango mara mbili na kupoteza ujira wa siku mbili. Hakunitukana. Aliiweka saa mezani akasema, "Ndugu yangu, ungaliniambia inachelewa ningaliinunua vivyo hivyo. Ningalikuwa naamka mapema tu."

Nilimrudishia shilingi zake 400, lakini ule ujira sikumlipa. Deni hilo ningali nalo hadi leo. Hapo ndipo nilipojua kwamba kasoro ikitajwa, mnunuzi hupata namna ya kuishi nayo. Ikifichwa, humvizia.

Basi msomaji, kabla hujamtajia mtu bei, fanya hivi. Kwanza, ilinganishe saa yako na majira ya redio au ya simu kwa siku mbili tatu, ikiwa imevaliwa na ikiwa imelazwa. Usiseme "inakwenda sawa". Sema "huchelewa dakika tatu kwa siku". Ikiwa ni ya betri na imesimama, usiape kwamba ni betri tu iliyokwisha. Tia mpya kwanza uone, maana betri iliyovuja huweza kuwa imekula mitambo ya ndani.

Pili, iangalie kwenye mwanga. Mikwaruzo ya kioo cha plastiki fundi huweza kuisugua ikatoka, lakini ufa hauondoki. Taja vyote viwili. Ikiwa uso umepakwa rangi upya, au mishale na mkanda si vile ilivyotoka navyo kiwandani, sema. Kuna wanunuzi wanaothamini uso uliofifia kwa umri kuliko uliorembwa juzi.

Tatu, maji. Saa iliyoandikwa mita 30 haikukusudiwa kuogelewa nayo hata ikiwa mpya. Huhimili matone tu, kama ya mtu anayenawa mikono. Nayo mipira inayozuia maji huzeeka na kukauka. Kama fundi hajaipima, mwambie mnunuzi aiweke mbali na maji.

Nne, jina. Zipo saa zilizobandikwa majina makubwa ambazo hazijapata kuiona Uswisi wala Japani. Ikiwa yako ni ya kuigiza, sema hivyo. Ikiwa hujui, basi "sijui" ni jibu la haki. Ukiulizwa ni lini ilifunguliwa mwisho ikasafishwa na kutiwa mafuta, jibu kwa ukweli huo huo. Mafuta yakikauka vyuma husagana, ijapokuwa saa ingali inatembea.

Siku hizi wengi huuza kwa picha za simu. Piga picha ya upande mzuri, kisha upige na ule wenye mkwaruzo.

Utaniuliza, "Nikiyasema yote hayo, nani atanunua?" Atanunua yule anayeitaka kwa thamani yake. Pengine utapunguza bei, lakini hutakata kona ukimwona njiani. Isitoshe, sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa yataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nawe kumbuka kwamba upande wa pili wa saa hiyo yuko mtu atakayeamka alfajiri akiitegemea. Mwambie ukweli, aamue mwenyewe saa ya kuamka.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.