Tunapofungiwa kwa Usalama Wetu



Juma hili tumeona vema tuzungumzie jambo linaloonekana dogo, lakini ambalo limewaudhi wengi miongoni mwetu kwa zaidi ya miaka kumi. Mtu anawasha kompyuta akiwa na kazi ya haraka, anafungua tovuti aliyoizoea, na mahali ilipokuwa fomu anakuta kisanduku cha kijivu chenye maneno machache: programu-jalizi hii imezuiwa kwa kuwa imepitwa na wakati. Jana ilifanya kazi, leo haifanyi, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Mwingine anafika ofisini asubuhi na kukuta mashine inajisasisha yenyewe, asilimia 14, asilimia 15, huku watu wamekaa kwenye benchi wakisubiri huduma.

Wako wanaosema kuwa hasira ya watu hao ni hasira ya wasiojua. Wako pia wanaosema kuwa kompyuta ni mali ya mtu, naye aachwe afanye nayo apendavyo. Sisi hatuwezi kuungana na upande wowote kati ya hizo mbili, na tungependa kueleza kwa nini.

Yafaa kwanza tukumbushane namna jambo lenyewe lilivyokuwa. Kivinjari, yaani programu tunayosomea tovuti, kama vile Firefox au Chrome, hapo zamani hakikuweza chenyewe kuonyesha video wala michezo. Makampuni mengine yakatengeneza programu ndogo za kuchomeka ndani yake. Flash ilitokea mwaka 1996 na kuenea kila mahali; hata YouTube ilipoanza mwaka 2005 iliitegemea. Java nayo ikatumiwa na mabenki na ofisi za serikali katika nchi nyingi. Tatizo ni kwamba programu-jalizi ilikuwa kama mgeni aliyekabidhiwa funguo za vyumba vyote. Iliweza kufika kwenye faili za mwenye kompyuta, na kivinjari hakikuwa na uwezo wa kuisimamia ipasavyo. Kasoro moja ndani yake ilitosha kumpa mhalifu nafasi ya kupenyeza programu yake kwa mtu ambaye kosa lake lilikuwa kufungua ukurasa tu.

Hayo hayakuwa maneno ya kutisha watoto. Mwezi Januari 2013 kasoro ya Java ilianza kutumiwa na wahalifu kabla haijatolewa tiba, hata Idara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ikawashauri watu waizime katika vivinjari vyao. Apple na Mozilla wakaizuia wenyewe. Julai 2015 faili za Hacking Team, kampuni ya Milano iliyokuwa ikiziuzia serikali zana za kupeleleza watu, zilivuja hadharani. Ndani yake mlikuwa na kasoro za Flash ambazo hata Adobe, mwenye Flash, alikuwa hazijui. Wahalifu wakaziokota upesi. Mozilla akaifungia Flash katika Firefox hadi ilipopatikana iliyorekebishwa. Hatimaye Adobe alitangaza Julai 2017 kuwa Flash itakoma mwishoni mwa 2020, na tarehe 12 Januari 2021 ikaacha kabisa kuonyesha kitu chochote.

Sasa, kuna anayesema: hatari ni yangu, niachieni niibebe mwenyewe. Hapo ndipo tunapompinga. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba kasoro katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo programu ya kudai fidia iitwayo WannaCry ilianza kuenea kwa kutumia kasoro ileile. Haikusubiri mtu abonyeze chochote. Ilijirukia yenyewe kutoka mashine hadi mashine, na kwa siku chache ikazifikia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Uingereza, ambako kompyuta nyingi za hospitali hazikuwa zimewekewa kiraka, wakaguzi wa hesabu za serikali walikadiria baadaye kuwa miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 ilifutwa. Baadhi ya magari ya wagonjwa yaligeuzwa njiani na kupelekwa hospitali nyingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hapa aliyeujenga ukuta si yule aliyeuacha ufa. Mgonjwa aliyengoja upasuaji hakuwahi kuombwa asasishe kitu chochote.

Kwa hiyo tunakubali kwamba kuna wakati ni haki mtu kufungiwa, hata bila kuulizwa. Tungekuwa tumemaliza hapa, kama wanaotufungia wangekuwa nao na mikono safi.

Kwa miaka mingi aliyetaka kusasisha Java kwa ajili ya usalama wake alikuta ndani ya kifurushi hichohicho kisanduku kilichokwisha kutiwa alama ya kukubali, na asipokuwa makini alijikuta amewekewa upau wa kutafutia wa Ask ambao hakuuomba. Flash nayo ilikuja na programu ya McAfee kwa mtindo huohuo. Mtu anakwenda kwa mganga kuchanjwa, na kwenye kapu anatiliwa bidhaa za dukani! Tena mwaka 2015 Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na Oracle, mwenye Java, baada ya kuilalamikia kwamba iliwahakikishia watu usalama, ilhali masasisho yake yaliyaacha matoleo ya zamani yenye kasoro yakiendelea kukaa ndani ya kompyuta. Yaani mtu alitii, akasasisha, akalala usingizi, na mlango ulikuwa bado wazi.

Kisha ukaja mwaka 2016. Microsoft ilikuwa ikiwahimiza watu wahamie Windows 10, na ujumbe wake ulikuwa na alama ya X pembeni, ile ambayo sote tumefundishwa kuwa maana yake ni hapana. Aliyeibonyeza aliufunga ujumbe, lakini uhamisho uliokwisha kupangiwa saa ulibaki palepale. Mwanamke mmoja wa California aliyekuwa na biashara ndogo alikwenda mahakamani baada ya kompyuta yake ya kazi kuharibikiwa kutokana na uhamisho huo, na kampuni ikamlipa dola 10,000. Wengine wengi hawakwenda mahakamani. Walichofanya ni kujifunza namna ya kuzima masasisho yote kabisa, ya ulinzi na ya biashara kwa pamoja, kwa sababu yaliletwa yakiwa yamefungwa katika fundo moja. Mashine hizo zikabaki bila kiraka. Tukiwauliza kwa nini, tusishangae jibu lao. Aliyedanganywa mara mbili na mlinzi haachi mlango wazi usiku kwa kupenda wezi. Amechoka kumwamini mlinzi.

Liko pia kosa ambalo si la watengenezaji wala la watumiaji. Tangu tangazo la Adobe hadi mwisho wa Flash ilipita miaka mitatu na miezi mitano. Hata hivyo mamlaka ya kodi ya Afrika Kusini, SARS, ilifika Januari 2021 ikiwa na fomu ambazo bado zilihitaji Flash, ikalazimika kutoa kivinjari chake yenyewe ili walipa kodi waweze kuzijaza. Taasisi nyingi zilifanana na hiyo. Mkubwa aliyepaswa kuagiza mfumo mpya alikuwa na miaka mitatu; karani wa dirishani alikuwa na asubuhi moja tu, na matusi ya foleni yalimwangukia yeye. Tunasema haya kwa uzito, kwa sababu tumekwisha kuwaona makarani wakilia kwa jambo ambalo hawakulisababisha wala hawakuwa na uwezo wa kulirekebisha.

Kwetu huku kuna jambo jingine ambalo wanaopanga masasisho huenda hawalifikirii. Wengi wetu hununua intaneti kwa bando, na bando hilo ni fedha ya mboga. Sasisho kubwa likijipakua lenyewe mchana, linamaliza kilichonunuliwa kwa ajili ya mtoto kujisomea. Kuilinda mashine ya mtu kwa gharama yake bila kumwambia bei si jambo la kulipuuza, hata nia ikiwa njema. Kiraka cha usalama kije peke yake, kiwe kidogo kadiri iwezekanavyo, kisibebe matangazo wala kubadili sura ya kila kitu, na mtu aachiwe achague saa. Wakifanya hivyo, wana haki ya kutudai utii.

Suala hili halikufa pamoja na Flash. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 bure kama ilivyokuwa. Kompyuta nyingi nzima, zinazoandika na kuchapa vizuri, haziruhusiwi kuhamia Windows 11 kwa kuwa hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0 au kichakataji kinachokubaliwa. Watu wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya walipewa mwaka mmoja wa nyongeza wa viraka bila malipo. Kwingineko mtu alitakiwa alipe dola 30 au akubali masharti mengine. Safari hii anayeambiwa asasishe anaambiwa kwa kweli anunue kompyuta mpya, na shule au ofisi inayotumia mashine za mitumba haina fedha hiyo. Je, hatari hiyohiyo moja yapaswa kuwa na bei mbili, kwa kutegemea mtu anaishi upande gani wa bahari? Sisi hatuoni haki hapo.

Katika ofisi yetu zipo mashine mbili za namna hiyo. Tumekubaliana kwamba moja iondolewe kwenye intaneti kabisa na itumike kuchapa barua na ratiba tu, na kumbukumbu za watu zilizokuwamo zihamishiwe kwenye ile inayopokea viraka. Ya pili kijana mmoja amejitolea kuiwekea Linux Jumamosi ijayo. Wenye barua za kuchapwa siku hiyo watuvumilie hadi saa nane mchana.