Kabla ya Kumwachisha Mtoto Ndagala, Uliza Nani Anauza Pakiti



Wazazi wapendwa wa Jabe, Buyenzi na Bwiza, na ndugu zetu mnaosoma mkiwa mbali na nyumbani. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Siku chache kabla ya Idd el-Hajj, kijana mmoja wa darasa la Sira alibaki nyuma baada ya wenzake kutoka, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ustadhi, sisi tukichinja si tunakuwa wauaji?" Nikamwuliza hayo ameyapata wapi, akasema ni kwenye simu ya dada yake. Nilimjibu nilivyojaaliwa, akaridhika au alinistahi, Allah ndiye ajuaye.

Lakini si yeye aliyenitia kalamu mkononi. Ni mama mmoja aliyenijia baada ya hapo kuomba dua kwa mtoto wake wa miaka miwili. Mtoto amelegea, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundunyekundu. Katika kuulizana ikadhihirika kuwa amemwachisha ndagala, yai na maziwa, kwa sababu ujumbe uliozunguka katika kundi lao la WhatsApp ulisema vyote vitokavyo kwa mnyama ni sumu. Badala yake anamkorogea uji wa pakiti yenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Nilimwambia: Mama, dua nitaomba, lakini toka hapa uende kituo cha afya leo hii, wala usisubiri kesho.

Jambo lenyewe linaitwa uvegani, yaani mtu kujizuia na kila kitokacho kwa mnyama: nyama, samaki, maziwa, mayai, hata asali. Neno hilo walilitunga Waingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipoanzisha jumuiya yao. Tabia yenyewe ni ya zamani zaidi. Mshairi kipofu wa Sham, Abu al-Ala al-Ma'arri, aliyeishi karne ya 10 na ya 11, alikaa miaka mingi bila nyama, maziwa wala asali, hata da'i mkuu wa Mafatimiya kule Misri akamwandikia kumhoji. Miongoni mwa sababu alizozitoa ni kwamba kipato chake kilikuwa kidogo. Hiyo ni sababu ambayo watu wa Jabe tunaielewa bila tafsiri!

Basi mimi sina ugomvi na asiyekula nyama. Anayetosheka na maharage na lengalenga, ale na Allah ambariki. Kuacha ni hiari. Kuharamisha ni jambo jingine kabisa, na Sura Al-Maida aya ya 87 inatukataza waziwazi kujiharamishia vizuri ambavyo Allah ametuhalalishia. Mwanzo wa Sura At-Tahrim wanavyuoni wengi wameeleza kuwa uliteremka Mtume (S.A.W.) alipojinyima asali kwa kutaka kuwaridhisha wakeze. Ikiwa yeye aliulizwa juu ya asali, je, mtu wa kwenye simu ana mamlaka gani juu ya ndagala?

Hata hivyo tuwe waadilifu. Watu hawa wanaposema wanyama wanateswa, hawasemi uongo. Tazameni wenyewe kuku wanavyoletwa sokoni, wananing'inizwa miguu juu kwenye usukani wa baiskeli tangu milimani, na mbuzi wanavyofungwa nyuma ya pikipiki kama magunia. Ametuamrisha Mtume (S.A.W.) kuchinja kwa ihsani, kunoa kisu na kumpumzisha mnyama. Sisi tunapiga Bismillah mwishoni na kusahau safari nzima iliyotangulia. Na katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) aliwaonya watu juu ya mazoea ya nyama, na kwamba alipomkuta Jabir amebeba nyama alimuuliza kama mtu hataki kujibana tumbo lake kwa ajili ya jirani na mwana wa ami yake. Kwa hiyo anayekula mishikaki kila jioni huku jirani anasikia harufu tu, asijifiche nyuma ya makala hii.

Sasa nije kwenye lile linaloniudhi. Tunaonyeshwa kama kwamba kuna vita baina ya watu wa nyama na watu wa mimea, na kila familia ichague jeshi lake. Tazameni nani anamiliki majeshi. JBS ya Brazili ndiyo kampuni kubwa kuliko zote duniani katika biashara ya nyama, na mwaka 2021 ilinunua Vivera ya Uholanzi, inayotengeneza vyakula vya kuiga nyama kwa mimea. Danone ya Ufaransa, wauzaji wa maziwa na yogati, mwaka 2017 walikamilisha ununuzi wa WhiteWave, wauzaji wa maziwa ya soya na ya lozi, kwa mabilioni ya dola. Ukinywa ya ng'ombe umewapa, ukinywa ya soya umewapa. Halafu sisi huku tunagombana na wake zetu!

Na msidhani kuwa neno "kutoka mimea" ni ushahidi wa uzuri. Kwa miaka mingi watu waliambiwa kuwa mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani ni bora kwa moyo kuliko samli ya bibi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zote ziondoe, ifikapo 2023, mafuta mabaya yanayotokana na ugandishaji huo, kwa kuwa yanaua kwa maradhi ya moyo. Hata elimu hununuliwa. Mwaka 2016 ilibainika kuwa katika miaka ya 1960 wenye viwanda vya sukari Marekani waliwalipa wataalamu wa Harvard waandike makala, iliyotoka 1967, ikiipunguzia sukari lawama na kuzielekeza kwenye mafuta. Na wa upande wa nyama nao wana lao: tangu 2015 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani imeziweka soseji na nyama nyingine za kusindikwa miongoni mwa visababishi vya saratani, lakini soseji bado zinatangazwa kuwa ndicho kifungua kinywa cha familia yenye maendeleo.

Wapo wataalamu waliosema kwa nia njema kwamba dunia ipunguze nyama. Ripoti ya EAT-Lancet ya mwaka 2019 ndiyo maarufu zaidi. Lakini isomeni inamsema nani! Ilieleza kuwa watu wa Amerika ya Kaskazini wanakula nyama nyekundu zaidi ya mara sita ya kiasi kilichopendekezwa. Mtu wa Chicago akiambiwa apunguze, ni nasaha. Mtoto wa Burundi akiambiwa apunguze, apunguze nini? Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016-2017 ulikuta kuwa asilimia 56 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Zaidi ya nusu! Hawakudumaa kwa kuzidisha mayai. Na hata hiyo jumuiya ya wavegani ya Uingereza inawaambia wafuasi wake wahakikishe wanapata vitamini B12 kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa, kwa sababu mimea peke yake haiwapi ya kutegemewa. Kule vidonge vinauzwa kila kona. Hapa ndagala ndiyo kidonge chetu. Ziwa Tanganyika liko palepale, na konzi moja ya ndagala iliyopondwa ndani ya maharage ni rehma ambayo mtoto haoni hata mwiba wake.

Turudi kwa ile pakiti ya uji, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi. Hadithi yake ni ndefu. Mwaka 1974 kilitoka Uingereza kijitabu kilichowashutumu wauzaji wa maziwa ya unga kwa kuwashawishi akina mama wa nchi masikini waache kunyonyesha. Mwaka 1977 Wamarekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé. Mei 1981 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha kanuni za kudhibiti matangazo hayo kwa kura 118, na iliyopinga ni moja tu, Marekani. Mngedhani yameisha. Mwaka 2024 asasi ya Uswisi, Public Eye, pamoja na mtandao wa IBFAN, walipima vyakula vya watoto vya kampuni hiyohiyo vinavyouzwa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Karibu Cerelac zote walizozichunguza zilikuwa na sukari iliyoongezwa, kwa wastani karibu gramu 4 kwa mlo mmoja, na Ethiopia zaidi ya gramu 5. Kwao Uswisi uji wa namna hiyo waliuza bila sukari ya kuongezwa. Kampuni ilijibu kuwa imepunguza sukari hizo kwa asilimia 11 ndani ya miaka kumi. Alhamdulillah kwa hizo 11, lakini mtoto wa Uswisi hakuambiwa asubiri miaka kumi.

Wengine wataniambia: "Ustadhi, lakini pakiti ina stampu ya halali." Naam, nimeiona. Nimeiona hata kwenye unga wa juisi ambao katika maisha yake haujakutana na mnyama! Stampu hiyo inakuambia hamna nguruwe wala pombe. Haikuambii kuwa ni chakula cha mtoto. Al-Baqara aya ya 168 imetaja halali ikaongeza kilicho kizuri, na hilo la pili hatuwezi kumwachia mwenye kiwanda atuhakikishie, kwa kuwa yeye ni muuzaji.

Yule mama alirudi baada ya wiki chache akiwa na mtoto mgongoni. Kituo cha afya walimpokea vizuri, na mtoto ameanza kula na kulia kwa nguvu, na kilio hicho tulikifurahia sote pale barazani. Nilimwomba anipe ile pakiti, nayo ninayo mezani.

Inshaa Allah Jumamosi hii baada ya Alasiri, wazazi tutakutana madrasani, akina baba pia, maana ninyi ndio mnaotoa faranga. Kila mmoja aje na pakiti, kopo au vidonge vya mchuzi anavyotumia nyumbani. Vijana wa darasa la juu wanasoma Kifaransa na Kiingereza, watatusomea yale maandishi madogo ya nyuma, kimoja baada ya kingine.

Wassalaam alaykum warahmatullah.