Nyonga inayokufa na kisu tunachokingoja

Nimetiwa katika kundi jengine la WhatsApp la mchango. Safari hii ni kijana wa Marachi, kule Busia, mwenye seli mundu. Nyonga yake imekufa na familia inatafuta pesa za kumwekea ya bandia. Nimetoa nilichojaaliwa, lakini alianza kuchechemea miaka 2 iliyopita. Ilikuwaje mpaka kikabaki kisu tu?

Wapwani tusidhani haya ni ya Waluhya na Wateso peke yao. Seli mundu imekaa pale malaria ilipoota mizizi: ukanda wa Ziwa Victoria hadi Busia na Malaba, na huku kwetu Kilifi na Kwale. Chembe za damu zilizopinda huziba vijishipa, kichwa cha mfupa wa paja kikakosa damu, kikafa polepole. Wengine huletewa na nyonga kuteguka katika ajali, pombe nyingi, au steroidi za muda mrefu. Ndiyo maana vile vidonge vya maumivu visivyo na jina, vinavyouzwa vimefungwa karatasi, vyanitia hofu.

Mfupa ukiwa haujabonyea, yapo ya kufanya bila kupasua: magongo ya kupunguza uzito mguuni, dawa za maumivu kwa agizo la daktari, na mazoezi ya viungo ya kuimarisha misuli. Wapo madaktari wanaoongeza alendronati, dawa ya mifupa, ingawa tafiti zake zinagongana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2006 ulilinganisha, kwa wagonjwa wa seli mundu, mazoezi peke yake na mazoezi pamoja na upasuaji wa kutoboa mfupa. Baada ya kama miaka 3 matokeo yalikaribiana. Wagonjwa walikuwa 46 tu, sikatai. Na mfupa ukishabonyea, mazoezi hayaurudishi.

Kwa hivyo kuwahi ndiko kwenye kazi. Eksirei ya mwanzo yaweza kutoka safi ilhali mfupa umeshaanza kufa. MRI huona mapema, na MRI ni pesa. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ikaja na mfuko wa magonjwa sugu. Wabunge wa Pwani na wa Busia waulize pamoja: mwenye seli mundu anayelalamikia kinena atalipiwa MRI hiyo, na miezi ya mazoezi baadaye?

Nasi nyumbani, mtoto wa seli mundu akisema kinena au goti lauma, tusimwambie ni baridi. Kijana wetu wa Marachi aliambiwa hivyo. Magongo ameyapata mwezi uliopita, tena ya kuazima.