Beba koni kwanza

Wasee, wacha nikiri: Agosti 2021 nilikuwa kwa kile kikosi cha "Arteta aende". Arsenal ilikuwa imepoteza mechi tatu za kwanza, imefungwa mabao tisa, haijafunga hata moja, iko mkiani mwa ligi. Nilimchoma mtandaoni vibaya sana.

Nilichosahau ni kwamba huyu jamaa alikuwa kapteni wa hiyo timu, na alipostaafu 2016 hakukimbilia kiti cha kocha mkuu. Alienda Manchester City kuwa msaidizi wa Guardiola, miaka mitatu na nusu. Kapteni mzima akakubali kubeba koni! Akarudi Arsenal Desemba 2019, akachukua Kombe la FA 2020, lakini kwa ligi akamaliza wa nane mara mbili. Wakubwa wangetusikiza sisi, angekuwa ameenda. Walingoja. 2023, 2024 na 2025 akamaliza wa pili.

Najua utasema wa pili si kombe. Sawa. Lakini kutoka mkiani hadi hapo si bahati.

Mimi mwenyewe karibu niache video baada ya miezi miwili juu watazamaji walikuwa arobaini. Tunataka kitambaa cha kapteni na koni hatujabeba. Ama nadanganya?