OFISI YA KAZI IJE MAKINA



Kila siku kabla ya jua kuchomoza, utawaona watu wakitoka Makina kwa miguu, wakifuata njia ya reli mpaka viwandani, Industrial Area. Huko husimama getini wakingoja kuitwa kibarua. Wachache huitwa. Wengine hurudi mchana na njaa, na wapo waliokwisha kumpa mtu pesa ili majina yao yatajwe. Hiyo si njia ya kutafuta kazi. Ni bahati nasibu, na tena ya kulipia.

Pengine mwanachama mwenye kazi atauliza, "Hayo yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Ukidai haki yako, msimamizi hukuonyesha geti na kukwambia kwamba wako mia nje wanaoitaka nafasi yako. Njaa ya aliye nje ndiyo fimbo anayopigwa nayo aliye ndani.

Jambo hili si geni. Mwaka 1964 Serikali, waajiri na vyama vya wafanya kazi walipatana: Serikali iongeze watu kazini kwa asilimia 15, waajiri asilimia 10, na vyama visidai nyongeza ya mshahara wala kugoma kwa mwaka mmoja. Wasio na kazi walijiandikisha kwa maelfu. Wengine walipata, wengi hawakupata, na mwaka ulipokwisha shida ilikuwa pale pale. Mwaka 2020 ukaja mpango wa Kazi Mtaani. Vijana wa Kibera walizibua mitaro na kufagia njia kwa malipo ya siku. Tunashukuru, maana watu walikula. Lakini mpango ulikwisha, na mtaro uliozibuliwa huziba tena.

Sisi tunataka kitu cha kudumu. Katiba ya 2010, kifungu cha 55, inaitaka Serikali ichukue hatua vijana wapate kazi, na Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ilipitishwa mwaka 2016. Lakini sheria bila fedha ni jiko bila makaa. Bunge litenge fedha kila mwaka kwa ofisi ya kazi hapa Makina: chumba kimoja, makarani wawili wanaoujua mtaa, na daftari lililo wazi. Mwashi, mshonaji, yaya na dereva waandikwe kwa ufundi wao. Waajiri wapeleke huko nafasi zao. Mtu asitozwe hata senti moja, kama ulivyoagiza mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1948. Na mwakilishi wa chama aketi humo, daftari lisije likageuzwa duka.

Wako watakaosema Serikali haina fedha. Fedha hizo ni kodi yetu. Hata asiye na kazi huilipa anunuapo sabuni.

Basi jambo hili lizungumzwe katika kila tawi, na barua zifike kwa Mbunge wa Kibra kabla bajeti haijasomwa.

UMOJA NI NGUVU.